Chapa Isiyofutika

Hotuba ya Katibu kwa Mkutano Mkuu wa Sherehe ya Miaka Kumi, Kilosa



Katika siku ya furaha kama hii ni desturi kuhesabu mema, na yaliyo mema mtayasoma katika kurasa nyingine za kitabu hiki. Lakini Halmashauri ilituagiza sisi wa ofisini tusiwachoshe kwa sifa. Ilitutaka tuwaeleze jambo moja lililotusumbua mwaka uliopita, likatulazimisha kujifunza elimu ambayo hatukuidhania kuwa inamhusu mkulima wa alizeti. Jambo lenyewe ni chapa, yaani ile tarehe ndogo na ile namba ya bechi zinazopigwa juu ya kifuniko cha chupa ya mafuta.

Wengi wenu mwakumbuka yaliyotokea. Tulipeleka Mikumi shehena ya mafuta ya alizeti kutoka katika kinu chetu, kwa mnunuzi auzaye kando ya barabara kuu iendayo Zambia. Baada ya majuma matatu shehena ilirudi. Mafuta yenyewe yalikuwa safi, hayana harufu wala tope. Kosa lilikuwa juu ya kifuniko: tarehe ilikuwa imefutika. Mafuta yaliyochuruzika wakati wa kujaza chupa yaliulainisha wino, na mitikisiko ya njia ya Ulaya ikamalizia kazi, chupa zikisuguana ndani ya makatoni. Mnunuzi alisema kweli, nasi hatumlaumu. Chakula kilichofungwa hakina budi kuonyesha tarehe yake, na chupa isiyo na tarehe ni sawa na barua isiyo na sahihi. Kwa ajili hiyo malipo ya pili yalichelewa miezi minne. Tunajua kwamba wako miongoni mwenu waliouza mbuzi ili watoto wao wasifukuzwe shule.

Yaliyofuata ndiyo magumu kuyasema, lakini chama ni mali ya wanachama, na mwenye mali hafichwi. Shehena ile ilikaa ghalani. Muda wake wa kutumika ulipokaribia kwisha, shauri lilitolewa ofisini kwetu kwamba tupanguse mabaki ya wino kwa spiriti, kisha tupige tarehe mpya. Nani angejua? Hatukufanya hivyo. Lakini hatutaki kujisifu, kwa maana shauri hilo lilikaa mezani kwetu siku moja nzima kabla halijakataliwa. Mafuta yale tuliyauza kwa watengenezaji wa sabuni kwa bei ya hasara, na hasara hiyo imeandikwa katika hesabu mtakazosomewa leo.

Lililotuzuia ni kumbukumbu. Misimu miwili kabla ya hapo, wanachama wa kijiji kimoja walinunua dukani mbegu za mahindi zilizofungwa katika mifuko mizuri yenye kung'aa. Mbegu zilizoota zilikuwa chache mno. Mifuko ilipochunguzwa, ilionekana kwamba tarehe ya kwanza ilikwanguliwa na nyingine ikapigwa juu yake. Sisi watu wa Kilosa tunaishi karibu na kituo cha utafiti cha Ilonga na shamba la mbegu la Msimba. Morogoro ipo Taasisi ya Uthibiti wa Ubora wa Mbegu, iitwayo TOSCI, na Sheria ya Mbegu ipo tangu mwaka 2003. Pamoja na jirani wote hao, tulidanganywa kwa kidole cha mtu mmoja na chupa ya spiriti. Basi tungewezaje kuwafanyia watu wa Mikumi lile lile tulilofanyiwa sisi?

Ndipo tulipoanza kutafuta chapa isiyofutika.

Kwanza tulijaribu chapa ya moto, kama ile wanayopigwa ng'ombe, ila ndogo. Chuma kilichopashwa joto kiligandamizwa juu ya kifuniko. Alama ilionekana vizuri, lakini plastiki ililainika, kifuniko kikapinda, na mafuta yakavuja. Tulijifunza hapo kwamba si kila ngozi ni ngozi ya ng'ombe. Viko vitu visivyostahimili moto, na alama inayokiharibu kile kinachoibeba haina faida.

Baadaye wajumbe wawili walitumwa Dar es Salaam kwenye Maonyesho ya Sabasaba, na huko walionyeshwa mashine ipigayo chapa kwa mwanga. Hauna wino, wala chuma hakigusi kitu. Jina lake ni leza. Tangu waliporudi tumesoma na kuulizia habari zake, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman huko California, Marekani, mwaka 1960. Mwanga wa taa ya kawaida hutawanyika pande zote na umechanganyika rangi nyingi. Mwanga wa leza ni wa rangi moja, na mawimbi yake hutembea kwa hatua moja kama askari katika gwaride. Kwa hiyo waweza kukusanywa katika nukta ndogo sana, na nguvu yake yote ikaangukia hapo.

Lakini leza si za namna moja. Wataalamu hupima urefu wa wimbi la mwanga kwa nanomita, na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Mwanga tunaouona kwa macho una mawimbi ya nanomita 400 hivi hadi 700. Leza nyingi za viwandani zina mawimbi marefu kuliko hayo, kama vile nanomita 1,064, na nyingine nanomita 10,600. Hizo hufanya kazi kwa joto, yaani huchoma, huyeyusha au huvukiza. Kwa chuma au mbao zafaa sana. Kwa plastiki nyembamba zaweza kufanya kama ile chapa yetu ya moto.

Mashine waliyoonyeshwa wajumbe wetu hutumia wimbi fupi la nanomita 355. Huo ni mwanga wa urujuanimno, ulio ng'ambo ya rangi ya urujuani katika upinde wa mvua, na jicho la mwanadamu haliuoni. Hupatikana kwa kuchukua mwanga wa nanomita 1,064 na kuupitisha katika vioo vya fuwele maalumu, hata urefu wa wimbi ukawa theluthi moja ya lile la kwanza. Kadiri wimbi linavyokuwa fupi, ndivyo kila chembe ya mwanga inavyobeba nguvu nyingi zaidi, na ndivyo nukta yake iwezavyo kuwa ndogo zaidi.

Ninyi mnaijua kazi ya mwanga huo bila kuambiwa. Kiti cha plastiki kikiachwa nje katika jua la Kimamba, baada ya miaka michache hupauka, kikawa chepesi kuvunjika, ingawa hakikuguswa na moto hata siku moja. Ni urujuanimno wa jua uliokata vifungo viunganishavyo chembe za plastiki ile. Leza hii hufanya kazi iliyo jamaa ya hiyo, ila kwa kipimo, mahali pamoja, na kwa kufumba na kufumbua. Hupiga mapigo mafupi mno, na vioo vidogo vinavyoongozwa na kompyuta huuelekeza mwanga uandike herufi moja baada ya nyingine. Kwa sababu vifungo hukatwa na mwanga wenyewe zaidi ya kuyeyushwa, watu wa viwandani huiita chapa ya baridi. Kusema kweli joto halikosekani kabisa, ila ni dogo, na halisambai mbali na alama.

Katika vifuniko vyetu vyeupe liko jambo jingine la kupendeza. Weupe ule hutokana na unga wa taitani dioksaidi, ule ule utiwao katika rangi nyeupe za kupaka nyumba. Unga huo hunywa mwanga wa urujuanimno, na ukipigwa na leza hiyo hugeuka kijivu cha kukoza ndani ya plastiki yenyewe. Chapa haikai juu ya kifuniko kama wino. Imekuwa sehemu ya kifuniko. Mjumbe wetu mmoja aliisugua kwa kitambaa chenye spiriti mpaka mkono ukachoka. Namba haikufifia.

Elimu hii haikubuniwa kwa ajili ya chupa za mafuta. Ndani ya ndege moja mna nyaya nyingi mno, na kila waya hauna budi kuwa na namba yake ili fundi asipotee. Zamani namba hizo zilipigwa kwa gurudumu la chuma cha moto, na gurudumu hilo liliweza kuukata ule utando mwembamba unaouzuia umeme usivuje. Waya uliojeruhiwa namna hiyo waweza kuleta moto angani. Tangu miaka ya 1980 wajenzi wa ndege walianza kutumia leza ya urujuanimno, ambayo huandika juu ya utando bila kuukata. Leo chapa ya namna hii hupigwa pia juu ya vifaa vya hospitali, juu ya kioo, na juu ya vipande vidogo vya mitambo ya umeme. Neno ni moja kote: kitu kiwe na jina lake, na jina lisikidhuru.

Wanachama wenzetu, itakuwa si haki kuwaeleza uzuri wa mashine na kuficha masharti yake. Mwanga usioonekana ni hatari kuliko uonekanao, kwa kuwa mtu hawezi kuukwepa, na waweza kuliunguza jicho hata kwa mng'ao uliorudishwa na kitu king'aacho. Yapasa mashine ifungiwe ndani ya sanduku lenye kufuli, na mwendeshaji avae miwani iliyotengenezwa kwa ajili ya wimbi lile lile. Moshi wake, ingawa ni mdogo, lazima uvutwe nje. Plastiki ya PVC isipigwe kabisa, maana hutoa hewa ya asidi iumizayo mapafu na kulisha chuma kutu. Mashine yataka umeme usioyumba, chumba kisicho na vumbi, na fundi aliyefundishwa. Wino na viyeyusho hatutanunua tena, ni kweli, lakini bei ya kununua mashine yenyewe ni kubwa kuliko uwezo wa mfuko wetu wa akiba mwaka huu.

Kwa hiyo Halmashauri haiwaombi leo ruhusa ya kununua. Inawaombeni mambo manne.

La kwanza, itengwe akiba ndogo katika mauzo ya kila katoni, iandikwe mbali na fedha nyingine, na tuzungumze na vyama jirani juu ya kununua mashine moja kwa shirika. La pili, tangu sasa kifuniko kipigwe chapa kingali kikavu, kabla mafuta hayajakaribia, na wino upewe muda wa kukauka. Hilo halina gharama. Lilitaka akili tu, na akili ilichelewa. La tatu, kila bechi iandikwe katika daftari lililoshonwa lenye kurasa zenye namba, na mistari yake itiwe sahihi na watu wawili, mmoja wa kinuni na mmoja asiye wa ofisi yetu. La nne, chupa moja ya kila bechi iwekwe kabatini mpaka muda wake uishe, ili mnunuzi akilalamika tuwe na cha kulinganisha.

Huenda mtu akauliza: ikiwa mashine inakuja, daftari la nini? Jibu letu ni hili. Leza haijui kusoma moyo wa mwendeshaji. Akiiambia iandike tarehe ya uongo, itaiandika vizuri sana, na uongo huo hautafutika. Mashine hiyo yaweza kumzuia mtu wa kesho asibadili neno letu la leo. Haiwezi kulifanya neno letu la leo kuwa kweli. Kazi hiyo ni yetu, na yaweza kuanza kabla shilingi moja haijatolewa.

Katika miaka kumi ijayo, inshallah, mtoto wa mmoja wenu atasimama mbele ya duka huko Mikumi, ageuze chupa, asome namba iliyo juu ya kifuniko. Namba hiyo itamrudisha mpaka kwenye ukurasa wa daftari, na ukurasa utamrudisha mpaka kwenye mizani ya chama cha msingi, na mizani mpaka kwenye gunia la alizeti la mzazi wake. Njia hiyo isikatike mahali popote. Ikikatika, na ionekane ni mkono wa nani ulioikata, hata ukiwa wetu.

Bwana Mwenyekiti, hayo ndiyo tuliyoagizwa kusema. Daftari la kwanza limekwisha kununuliwa, na liko juu ya meza pale mlangoni. Ukurasa wa kwanza una habari za shehena iliyorudi, kama ilivyokuwa. Twawaomba kila mmoja alitazame kabla ya kwenda chakulani.

 Umoja ni nguvu.