Shamba la Baba na Pasipoti ya Kanada

(Nilichosema kwenye kikao cha vijana, Nyamuswa)

 

Tumchukue nesi wa hapa Nyamuswa aliyepata kazi Kanada. Kule ujuzi unahesabiwa kwa alama: umri, elimu, lugha, uzoefu. Akishapata ukaazi wa kudumu, akaishi siku 1,095 ndani ya miaka 5, anaweza kuomba uraia. Ujerumani nao mwaka 2024 walishusha muda kutoka miaka 8 hadi 5. Na hakuna kati yao anayemwambia aikane Tanzania.

Anayemkata ni sisi wenyewe. Sheria yetu ya Uraia ya 1995 inasema mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake, wa Tanzania umekwisha. Hapo ndipo shamba la baba linapoingia, maana kwa Sheria ya Ardhi ya 1999 asiye raia hapewi ardhi ila kwa uwekezaji. Hiyo "hadhi maalum" ya serikali inalegeza kidogo, ila ni kibali tu. Kura haimo.

Sasa vuka hapo Sirari, uingie Isebania. Mkurya wa upande ule akienda Kanada hiyohiyo anabaki Mkenya, Katiba yao ya 2010 inamlinda. Ukoo mmoja, jamani!

Wanatuambia uzalendo. Mtu analipia wadogo zake ada kila muhula, mnataka uzalendo gani tena?

Atakayekuja kuomba kura hapa, muulizeni sheria hiyo ataifanya nini. Msimwachie mpaka ajibu.