Mwanga wa Jua ni Haki ya Mpangaji



Hivi karibuni nilimpelekea mama mmoja mgonjwa Komunyo Takatifu katika jengo mojawapo la Pipeline, Embakasi. Ilikuwa saa sita mchana, jua la Nairobi liko utosini, na chumbani mle taa ilikuwa ikiwaka. Mama yule aliniomba radhi kwa ajili ya giza, kana kwamba ni yeye aliyelijenga.

Tunaishi karibu na ikweta, nasi tumejaliwa mchana wa takriban saa 12 mwaka mzima. Giza lile, basi, halikutoka mbinguni. Limetokana na majengo ya orofa 7 na zaidi yaliyobanana, yakitazamana juu ya kichochoro ambacho jua hukifikia kwa kitambo kifupi tu adhuhuri. Ngozi hutengeneza vitamini D kwa nguvu ya jua. Mtoto anayeikosa mifupa yake hulegea, akapata matege. Kioo cha kawaida huizuia miali hiyo, hivyo dirisha peke yake halitoshi: mtoto sharti atoke nje. Vijidudu vya kifua kikuu navyo hufa vikipigwa na jua, lakini hudumu katika chumba cha giza kisichopitisha hewa.

Msidhani tabu hii ni yetu peke yetu. Mwaka 1879 jimbo la New York liliamuru kwamba kila chumba cha nyumba za wapangaji kiwe na dirisha. Wajenzi walitii kwa hila: waliacha upenyo mwembamba kati ya majengo, nao ukageuka jaa la takataka na njia ya moto. Ilibidi sheria mpya itungwe mwaka 1901, ikidai nyua pana zaidi. (Anayejua majengo yetu ataukumbuka upenyo huo mara moja.)

Katiba yetu ya mwaka 2010, ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya makao yanayofaa, na ibara ya 42 haki ya mazingira safi yenye afya. Wenye majengo husema kwamba kuacha nafasi ni kupoteza vyumba, na kodi itapanda. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, wala tusiidharau. Hata hivyo, baadhi yao tunaketi nao benchi moja kila Jumapili, na lipo jambo lisilowagharimu chumba hata kimoja: kulifungua paa lililotiwa kufuli, kulijengea ukuta imara wa kinga, ili akina mama wapate kuketi juani na watoto wao.

Naomba kila jumuiya iteue watu wawili. Wapime upana wa vichochoro vyao, wahesabu vyumba vinavyowasha taa mchana, na kuuliza ni nani mwenye ufunguo wa paa. Hesabu hizo ndizo tutakazowapelekea wenye majengo kwanza, kisha ofisi ya mipango ya kaunti.