Je, Bomu la Atomiki Lilikuwa la Lazima Kuimaliza Vita ya Japani?



Walimu wengi wa historia tunalifundisha jambo hili kwa sentensi moja: Marekani iliangusha mabomu mawili, Japani ikasalimu amri. Sentensi hiyo siikubali. Naona bomu la Hiroshima liliharakisha uamuzi, lakini halikuwa la lazima; la Nagasaki sioni namna ya kulitetea hata kidogo. Na suala hili si la mbali nasi, kwani urani nyingi ya mradi wa kutengeneza mabomu hayo ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, hapa barani kwetu.

Wanaotetea mabomu wana hoja nzito. Okinawa peke yake iliua Wamarekani zaidi ya 12,000, na Wajapani wengi zaidi ya hapo, raia wakiwemo. Uvamizi wa Kyushu ulipangwa kuanza Novemba 1, 1945. Huko China nako watu walikuwa wakifa kila siku mikononi mwa jeshi la Japani, na vifo hivyo havifai kusahauliwa katika hesabu hii.

Hata hivyo, hoja hiyo inachukulia kwamba palikuwa na njia mbili tu, bomu au uvamizi. Mwezi Julai, Waziri wa Mambo ya Nje wa Japani, Shigenori Togo, alimwagiza balozi wake mjini Moscow awaombe Wasovieti wasuluhishe. Wamarekani walizinasa simu za maandishi alizomtumia balozi huyo na kuzisoma. Ni kweli kwamba Tokyo haikutaja masharti bayana. Lakini Waziri wa Vita wa Marekani, Henry Stimson, alishauri Wajapani waahidiwe kwamba wangeweza kubaki na ufalme wao, na ahadi hiyo ikaondolewa katika Tamko la Potsdam la Julai 26. Amri ya kuangusha bomu ilikuwa imeshatolewa Julai 25, siku moja kabla Japani haijaambiwa isalimu amri.

Tuitazame Agosti 9 kwa makini. Siku tatu zilikuwa zimepita tangu Hiroshima ipigwe, na Baraza Kuu la Vita la Japani lilikuwa halijakutana. Usiku wa kuamkia siku hiyo majeshi ya Kisovieti yakaingia Manchuria. Tumaini la usuluhishi likafa. Asubuhi wajumbe sita wakaketi. Wakiwa kikaoni, wakaletewa habari za Nagasaki. Watatu walitaka kusalimu amri kwa sharti moja tu, mfalme abaki. Watatu, akiwemo Waziri wa Jeshi Korechika Anami, waling'ang'ania masharti manne. Habari za Nagasaki hazikumhamisha hata mmoja. Usiku wa manane Mfalme Hirohito mwenyewe ndiye aliyekata shauri.

Katika hotuba yake kwa taifa, Agosti 15, alilitaja bomu. Katika tamko lake kwa wanajeshi, Agosti 17, alitaja kuingia vitani kwa Wasovieti, na bomu hakuligusa.

Marekani nayo, ilipojibu ombi la Japani la kusalimu amri Agosti 11, haikumwondoa mfalme. Ilimweka chini ya kamanda wa Washirika. Hirohito alikaa kwenye kiti chake hadi alipofariki mwaka 1989. Sidai kwamba ahadi ya Stimson peke yake ingetosha kuimaliza vita. Ahadi hiyo pamoja na tangazo la vita la Wasovieti ilikuwa njia ya tatu, na haikujaribiwa kabla ya kuichoma Hiroshima.