Sesheni Isiyovuka Ukurasa: Namna ya Kubaini Kosa Kabla ya Kugusa Msimbo

Mada kwa semina ya watengenezaji wa mifumo ya wavuti

1. Utangulizi



Malalamiko yenyewe mnayajua. Mtumiaji ameandika jina na nywila, mfumo umemkubali, ukurasa wa kwanza umemkaribisha vizuri. Akibofya kiungo cha ukurasa wa pili, anaambiwa aingie upya. Au mteja ameweka bidhaa kwenye kikapu, akifika kwenye malipo anakuta kikapu kitupu. Tukiulizwa, tunasema sesheni imepotea.

Namna tunavyolitafuta kosa ndiyo inayotugharimu. Mmoja anaongeza session_start() kila mahali. Mwingine ananakili mipangilio asiyoielewa na kuibandika kwenye php.ini. Wa tatu anaandika upya ukurasa mzima wa kuingilia. Pengine tatizo linaondoka bila yeyote kujua sababu, halafu linarudi wiki ambayo mfumo una watumiaji wengi.

Hoja ya mada hii ni moja. Kosa la sesheni lina sura tatu tu: kitambulisho hakikutolewa, kilitolewa lakini hakikurudi, au kimerudi lakini data haipo. Ukijua ni sura ipi, theluthi mbili za kazi ya kukisia zimeondoka. Nitatumia mifano ya PHP kwa sababu ndiyo inayoendesha tovuti nyingi tunazozihudumia, ila mgawanyo huu unafaa kwa lugha yoyote ya upande wa seva.

2. Sesheni inavyofanya kazi

Itifaki ya HTTP haina kumbukumbu. Kila ombi linalofika kwenye seva ni geni, hata kama limetoka kwenye kivinjari kilekile sekunde moja iliyopita. Pengo hilo ndilo lililomfanya Lou Montulli, aliyekuwa Netscape, abuni kidakuzi mwaka 1994. PHP nayo ilipata sesheni zake za ndani katika toleo la 4, mwaka 2000.

Mpango ni ule wa hospitali: mgonjwa hubeba kadi yenye namba, na faili lenye maelezo yake hubaki masjala. session_start() inapoitwa mara ya kwanza, PHP hutunga kitambulisho kirefu cha kubahatisha na kukituma kwa kivinjari kupitia kichwa cha Set-Cookie, kwa kawaida kwa jina la PHPSESSID. Vigeu unavyoweka ndani ya $_SESSION haviendi kwa mtumiaji. Huandikwa kwenye faili upande wa seva, nalo huitwa sess_ likifuatiwa na kitambulisho hicho. Ombi la pili likija, kivinjari hurudisha kitambulisho katika kichwa cha Cookie, PHP hulifungua faili, na $_SESSION hujaa tena.

3. Swali la kwanza: kitambulisho kiko wapi?

Kabla ya kugusa mfumo mkubwa, andika kurasa mbili fupi kwenye seva ileile. Ya kwanza, moja.php:

<?php
session_start();
$_SESSION['jaribio'] = 'ipo';
echo '<a href="mbili.php">Endelea</a>';

Ya pili, mbili.php:

<?php
session_start();
var_dump($_SESSION);

Zikifanya kazi, misingi ya seva yako ni mizima na huenda kosa limo ndani ya mfumo wako. Zisipofanya kazi, usihangaike na msimbo wa mfumo. Kosa liko kwenye mipangilio ya seva au ya kidakuzi.

Kisha bonyeza F12 kwenye kivinjari, fungua sehemu inayoonyesha mawasiliano ya mtandao, na utazame mambo mawili. Jibu la ukurasa wa kwanza lina Set-Cookie? Ombi la ukurasa wa pili lina Cookie yenye thamani ileile? Ziandike thamani hizo mbili kwenye karatasi.

Msitegemee kuchapisha session_id() peke yake. Pale session.use_strict_mode inapokuwa imewashwa, PHP hukataa kitambulisho isichokuwa na kumbukumbu nacho na kutunga kipya. Faili likipotea, kitambulisho nacho kitaonekana kimebadilika, na utaanza kulaumu kidakuzi kisicho na hatia. Kitambulisho kilicholetwa na kivinjari utakiona kwenye kichwa cha ombi.

4. Sura ya kwanza: kitambulisho hakikutolewa

Set-Cookie isipokuwepo kwenye jibu la kwanza, na kivinjari hakikuwa na kidakuzi cha awali, ama session_start() haikuitwa, ama iliitwa kwa kuchelewa. Vichwa vya HTTP hutangulia mwili wa ukurasa. Herufi moja ya mwili ikishaondoka, mlango wa vichwa umefungwa.

Herufi hiyo mara nyingi haionekani. Inaweza kuwa nafasi tupu kabla ya <?php, au mstari mtupu baada ya ?> katika faili linaloingizwa kwa include. Inaweza pia kuwa alama ya BOM, yaani baiti tatu, EF BB BF, ambazo baadhi ya vihariri huziweka mwanzoni mwa faili la UTF-8. Ukilitazama faili huzioni, ila PHP huzituma kama sehemu ya ukurasa.

Msikisie ni faili lipi. Kabla ya session_start(), iteni headers_sent($faili, $mstari). Ikirudisha kweli, vigeu hivyo viwili vitakutajia faili na mstari ambapo utoaji ulianzia. Kwa mafaili yenye PHP tupu, acheni kabisa kuandika ?> ya kufungia.

Kuna mtego hapa unaowachanganya wengi: mfumo unafanya kazi kwenye kompyuta ya ofisini, ukipandishwa kwenye seva unagoma. Sababu mojawapo ni output_buffering. Ikiwa imewekwa 4096, PHP hushikilia utoaji kwanza, hivyo nafasi tupu ya mwanzoni haileti madhara. Seva nyingine imeizima, na kosa lililokuwepo tangu siku ya kwanza linajitokeza. Kama display_errors nayo imezimwa, kama inavyotakiwa kwenye seva ya watumiaji halisi, onyo halitaonekana kwenye skrini. Lisomeni kwenye faili la kumbukumbu za makosa.

5. Sura ya pili: kilitolewa, hakikurudi

Hapa seva imetimiza wajibu wake na kivinjari nacho kinafuata sheria zake. Kazi yetu ni kujua ni sheria ipi.

Ya kwanza ni jina la kikoa. Kidakuzi kilichotolewa kwenye anwani yenye www bila kutajiwa kikoa hakirudi kwenye anwani isiyo na www. Wanaofanya majaribio kwa XAMPP wakumbuke pia kwamba localhost na 127.0.0.1 ni wenyeji wawili tofauti machoni pa kivinjari. Chagueni anwani moja, na nyingine zote zielekezwe huko.

Ya pili ni usalama wa njia. Kidakuzi chenye sifa ya Secure hakitumwi kwenye ukurasa wa http. Tovuti ambayo nusu yake ni https na nusu ni http itapoteza watumiaji kila wanapovuka.

Ya tatu ni sifa ya kidakuzi iitwayo SameSite, na ndiyo iliyovunja mifumo mingi iliyokuwa ikifanya kazi vizuri. Kuanzia Chrome 80, Februari 2020, kidakuzi kisichotaja SameSite huchukuliwa kuwa Lax. Maana yake, hakitumwi pale tovuti nyingine inapomrudisha mtumiaji kwako kwa njia ya POST, kama yanavyofanya baadhi ya malango ya malipo ya kadi. Mteja analipa, anarudi, na mfumo haumtambui.

Kosa hili hujificha wakati wa majaribio, kwa sababu Chrome iliacha mwanya: kidakuzi kisichotaja SameSite huruhusiwa kwenye POST ya namna hiyo kama hakijatimiza dakika mbili tangu kitolewe. Mtengenezaji huingia, huchagua bidhaa moja, hulipa upesi, kila kitu kinakwenda sawa. Mteja halisi huzunguka dukani kwa robo saa, na akirudi kutoka kulipa anakuta ametolewa nje. Mkisikia kwamba tatizo hutokea kwa wateja tu, tazameni hapa kwanza. PHP imekuwa na mpangilio wa session.cookie_samesite tangu toleo la 7.3. Ukihitaji thamani ya None, lazima iandamane na Secure.

Ya nne inahusu JavaScript. fetch() inayokwenda kwenye asili (origin) nyingine haibebi vidakuzi mpaka uiandikie credentials: 'include', na seva nayo iruhusu kwa kutaja asili hiyo kwa jina. Alama ya nyota (*) haikubaliki.

6. Sura ya tatu: kimerudi, data haipo

Thamani mbili ulizoandika zinalingana, lakini $_SESSION ni tupu. Kidakuzi hakina kosa, kwa hiyo angalia ghala, kisha msimbo.

Kwenye ghala, anza na session.save_path. Folda ipo? PHP ina ruhusa ya kuandika humo? Diski ina nafasi? Diski iliyojaa hukuachia mafaili ya sesheni yenye baiti sifuri, na mtumiaji hujiona ametolewa bila sababu.

Halafu angalia umri. session.gc_maxlifetime kwa chaguo-msingi ni sekunde 1440, yaani dakika 24. Karani anayejaza fomu ndefu, akaenda kupata chakula cha mchana na kurudi, anaweza kukuta sesheni yake imefagiliwa. Kurefusha muda peke yake hakutoshi kwenye seva iliyokodishwa kwa tovuti nyingi. Zote zikitumia folda moja, tovuti ya jirani yenye muda mfupi zaidi inaweza kufuta mafaili yako. Ipe tovuti yako folda yake.

Kama mfumo unahudumiwa na seva zaidi ya moja, ombi la kwanza linaweza kuangukia seva A na la pili seva B, ambako faili halipo. Dalili yake ni sesheni inayopotea na kurudi bila mpangilio. Hifadhi sesheni mahali pa pamoja, kama Redis au hifadhidata. Mfumo unaoendeshwa ndani ya kontena nao hupoteza sesheni zote kila unapopandishwa toleo jipya, kama mafaili yamo ndani ya kontena yenyewe.

Kwenye msimbo, wahusika wanajulikana. Ukurasa wa pili haujaita session_start(). Jina limeandikwa $_session, ilhali PHP hutofautisha herufi kubwa na ndogo katika vigeu. Sharti limeandikwa kwa alama moja ya = badala ya mbili, kwa hiyo linabadilisha thamani badala ya kuilinganisha. Baada ya header('Location: ...') hakuna exit, hivyo mistari inayofuata inaendelea kutekelezwa na pengine kufuta ulichohifadhi. Au data inaandikwa baada ya session_write_close(), na haifiki kwenye faili.

Mifumo ya zamani ina ugonjwa wake. Iliyoandikwa kwa session_register() na kutegemea register_globals ilikatika PHP 5.4 ilipotoka mwaka 2012, kwa kuwa vyote viwili viliondolewa. Dawa ni kuhamia $_SESSION.

Wenzetu ambao watumiaji wao wako kwenye simu wazingatie session_regenerate_id(true). Kubadili kitambulisho baada ya kuingia ni kinga muhimu, na nawasihi msiiache. Lakini ikiitwa kwa kila ukurasa, na mtandao ukakatika kabla ya jibu kufika, simu hubaki na kitambulisho cha zamani ambacho seva imekwisha kufuta. Iiteni mtu anapoingia na haki zake zinapobadilika, si kila anapobofya.

7. Pale ambapo hakuna kivinjari

Kuna kosa linalofanana na haya ilhali chanzo chake ni kingine. Unapotuma ombi la malipo ya M-Pesa kupitia Daraja, yaani API ya Safaricom, majibu huletwa na seva ya Safaricom moja kwa moja kwenye anwani uliyoitaja. Seva hiyo haina kidakuzi cha mteja wako. Ukiandika $_SESSION['oda'] kwenye ukurasa unaopokea majibu, utapata utupu siku zote. Hifadhi CheckoutRequestID, kitambulisho cha ombi hilo la malipo, pamoja na namba ya oda kwenye hifadhidata wakati wa kutuma ombi, kisha zioanishe majibu yakifika.

USSD ni vivyo hivyo. Huduma ya Africa's Talking hutuma sessionId katika kila ombi, pamoja na namba ya simu na maandishi aliyobonyeza mtumiaji. Simu ya kawaida haina kidakuzi hapo. sessionId hiyo ndiyo ufunguo wako wa kuhifadhi hatua aliyofikia mtumiaji, na sesheni ya PHP ya kawaida haina kazi.

8. Mapendekezo

Napendekeza kila timu ifanye mambo manne. Mosi, iweke kurasa mbili za majaribio tayari kwa kila seva mpya, na izifute baada ya kuzitumia. Pili, mipangilio yote ya sesheni iandikwe katika faili moja linaloingizwa na kurasa zote, isitawanywe. Tatu, majaribio ya malipo yafanywe kwa mwendo wa mteja, pamoja na kusubiri zaidi ya dakika mbili. Nne, ripoti ya kosa la sesheni isipokelewe bila thamani ya Set-Cookie na ya Cookie.

Ndugu washiriki, msimbo usiguswe kabla thamani hizo mbili hazijaandikwa na kulinganishwa. Anayerekebisha bila kuzitazama anabahatisha, na wanaolipia kubahatisha huko ni watumiaji wetu.