Kura Zenye Desimali: Upinzani wa Japani na Chama Kisichong'oka



Tarehe 27 Oktoba 2024 Wajapani walichagua Baraza la Wawakilishi, na chama cha LDP, ambacho tangu 1955 kimetoka serikalini mara mbili tu, kiliangushwa vibaya. Kilibaki na viti 191. Ukijumlisha na vya mshirika wake Komeito unapata 215, na wingi wa viti huanzia 233. Chama kikuu cha upinzani, Chama cha Kidemokrasia cha Kikatiba chini ya Noda Yoshihiko, kilipanda kutoka viti 96 vya uchaguzi uliotangulia hadi 148. Aliyehesabu viti peke yake alisema upinzani umefufuka.

Hebu tuhesabu kura. Mpiga kura wa Japani hupewa karatasi ya mgombea wa jimbo na karatasi nyingine ya chama, kwa ajili ya viti vya uwiano. Kwenye karatasi ya chama, LDP ilishuka kutoka kura milioni 19.9 mwaka 2021 hadi milioni 14.6. Kura zaidi ya milioni tano zilipotea. Chama cha Noda kiliambulia nyongeza isiyofika laki moja. Kilikuwa na takribani milioni 11.5 na kikabaki palepale. Wenye hasira walikwenda kwenye vyama vidogo au walikaa nyumbani, kwani waliojitokeza hawakufika asilimia 54. Viti vya upinzani viliongezeka kwa kuwa aliyekuwa mbele alijikwaa.

Hoja yangu jioni hii inatoka hapo. Upinzani wa Japani haujawahi kukosa hasira ya wananchi. Unakosa mahali pa kuipokea na watu wa kuitunza mpaka uchaguzi mwingine.

Najua wapo humu ambao wameshaanza kufikiria vyama vilivyokaa madarakani muda mrefu karibu na kwetu. Naomba mfananisho huo tuuweke pembeni. Japani kura huhesabiwa kwa uaminifu, magazeti huandika yanachotaka, na hakuna kiongozi wa upinzani anayelala mahabusu. Chama tawala kinaweza kung'olewa kihalali, kimewahi kung'olewa, na bado hurudi. Ndiyo maana kisa chake kinasumbua akili kuliko vingi.

Nianze na penseli. Mjapani haweki alama ya vema mbele ya picha. Huandika jina kwa mkono wake. Kwa hiyo katika siku 12 za kampeni magari ya matangazo hupita mitaani yakirudia jina la mgombea, na jina, na jina tena, wasaidizi wakipunga mikono yenye glavu nyeupe dirishani. Kwa mgeni ni kelele tupu, lakini kazi yake ni kumfanya mtu alikumbuke jina lile akiwa peke yake kibandani. Kupita nyumba kwa nyumba kuomba kura kumekatazwa tangu 1925. Dhamana ya kugombea jimbo ni yen milioni 3. Mgombea mgeni ana wiki mbili pungufu za kujitambulisha; mtoto au mjukuu wa mbunge wa zamani alikwisha kutambulishwa kabla hajazaliwa.

Na kwenye karatasi ya chama ndiko kulikotokea jambo ambalo huwa nawaonyesha wanafunzi kabla ya nadharia yoyote. Mwaka 2021 Chama cha Kidemokrasia cha Kikatiba na Chama cha Kidemokrasia cha Wananchi, vyote viwili mabaki ya Chama cha Kidemokrasia kilichowahi kutawala, viliandikisha jina fupi lilelile: Minshuto. Hakuna aliyekubali kumwachia mwenzake. Sheria inaruhusu. Walioandika Minshuto hawakuweza kuulizwa walimaanisha nani, hivyo kura zao ziligawanywa kwa uwiano wa kura ambazo kila chama kilipata bila utata mahali hapo. Fomu za matokeo zikatoka na kura zenye desimali. Mrithi mmoja alipata sehemu ya mpiga kura, na mrithi wa pili akachukua iliyobaki.

Ugomvi huu haukuanza jana. Oktoba 1955 mirengo miwili ya Chama cha Kisoshalisti iliungana. Mwezi uliofuata vyama viwili vya kihafidhina vikajibu kwa kuungana na kuwa LDP. Mwaka 1958 Wasoshalisti walisimamisha wagombea 246 kugombea viti 467, wakashinda 166. Baada ya hapo hawakusimamisha tena wagombea wa kutosha kuunda serikali, hata kama wote wangeshinda. Jimbo la wakati ule lilitoa wabunge watatu hadi watano huku kila mtu akipiga kura moja, na chama kilichoweka wagombea wawili kilihatarisha kuwapoteza wote. Zaidi ya hayo, kurekebisha katiba ya amani kulihitaji theluthi mbili za Bunge, kwa hiyo theluthi moja iliwatosha Wasoshalisti kuilinda. Waliridhika na kuzuia. Nasema hivi nikijua wapo wanaowaonea huruma zaidi yangu, lakini chama kinachoingia uwanjani miaka thelathini kikitafuta sare hakiwezi kulalamika kwamba mashabiki wamehama.

Wakati huo mabadiliko yalipatikana ndani ya LDP yenyewe, kupitia makundi yake. Tanaka Kakuei alipoanguka mwaka 1974 kwa kashfa ya fedha, chama kilimleta Miki Takeo, aliyesifika kwa usafi. Wananchi walipata sura mpya bila kubadili chama.

Ushindi wa upinzani wa 1993 niupitie haraka. Hosokawa Morihiro aliongoza muungano wa makundi manane, akadumu miezi minane, lakini aliacha kitu kikubwa: mfumo mpya wa majimbo ya mbunge mmoja, uliopitishwa 1994. Mwaka huohuo kiongozi wa Wasoshalisti, Murayama Tomiichi, alikubali kuwa waziri mkuu kwa msaada wa LDP, akatamka kwamba jeshi la kujilinda ni halali kikatiba, jambo ambalo chama chake kilikuwa kimelipinga miaka yote. Kilichokuwa na viti 136 mwaka 1990 kilibaki na 15 mwaka 1996.

Mfumo mpya ulimpa mpinzani aliyeungana nafasi ya kushinda kwa kishindo. Mwaka 2009 Chama cha Kidemokrasia kilizoa viti 308 kati ya 480. Miaka mitatu na mawaziri wakuu watatu baadaye, baada ya kukwama kwa ahadi kuhusu kambi ya Wamarekani ya Futenma huko Okinawa, tetemeko na tsunami ya Machi 2011, na mpasuko juu ya kodi ya mauzo, kilirudi na viti 57. Serikali nyingi hushindwa. LDP iliposhindwa 2009, wabunge wake walirudi majimboni wakakuta watu wanawasubiri. Wa Chama cha Kidemokrasia walirudi wakakuta ofisi ya kupanga na deni.

Hao waliokuwa wakiwasubiri wabunge wa LDP ni koenkai, jumuiya ya wafuasi binafsi wa mbunge. Inapanga safari za pamoja, inahudhuria sherehe za mwaka mpya, inatafuta mtu wa kusikiliza malalamiko ya mkulima wa mpunga, na inazika. Oktoba 2019 Waziri wa Uchumi, Biashara na Viwanda, Sugawara Isshu, alijiuzulu baada ya kuripotiwa kwamba katibu wake alipeleka ubani wa yen 20,000 kwenye mkesha wa msiba jimboni. Sheria inamruhusu mwanasiasa kutoa ubani akienda mwenyewe. Kumtuma mtu haimruhusu. Waziri kaanguka kwa bahasha ya msiba! Lakini tazameni kilicho nyuma ya bahasha: kuna ofisi inayojua nani amefariki, mkesha ni wapi, na nani ataona kama mheshimiwa hakufika.

Upinzani badala ya hayo una vyama vya wafanyakazi. Shirikisho lao, Rengo, lina wanachama wapatao milioni 7, na limegawanyika vilevile. Watumishi wa serikali za mitaa na walimu wanaegemea Chama cha Kikatiba. Wa umeme, magari na viwanda vya nguo wanaegemea Chama cha Wananchi, na wa umeme hawataki kusikia habari za kufunga vinu vya nyuklia. Viongozi wa Rengo hawataki kukaa meza moja na Wakomunisti, ambao wana madiwani wengi na gazeti lao wenyewe. Gazeti hilo, Akahata, ndilo lililofichua mwaka 2022 mapato ya hafla za kuchangisha fedha yaliyofichwa na makundi ya LDP. Kashfa hiyo ndiyo iliyoiangusha LDP 2024. Wakomunisti wenyewe walishuka kutoka viti 10 hadi 8.

Baada ya uchaguzi huo upinzani ulikuwa na wingi katika Baraza la Wawakilishi. Kila chama kilikwenda sokoni peke yake. Chama cha Wananchi kilijadiliana na LDP juu ya kiwango cha kipato kisichokatwa kodi. Chama kingine cha upinzani, Nippon Ishin, kikaiunga mkono bajeti ya 2025 kwa kuahidiwa nafuu ya karo za sekondari. Oktoba 2025 Komeito ilijitoa serikalini baada ya miaka 26. Vyama vitatu vya upinzani vilikuwa na wabunge zaidi ya 200, LDP 196. Noda alikuwa tayari kumpisha Tamaki Yuichiro wa Chama cha Wananchi awe waziri mkuu. Tamaki alitaka kwanza msimamo mmoja juu ya ulinzi na nyuklia. Ishin, iliyokuwa ikizungumza pande zote mbili, ikaenda LDP, na tarehe 21 kiongozi mpya wa LDP, Takaichi Sanae, akapata kura 237, akawa mwanamke wa kwanza kuongoza serikali ya Japani.

Wengi walimlaumu Tamaki. Mimi naona masharti yake yalikuwa ya haki. Maswali yale yalipaswa kujibiwa miaka kumi iliyopita, katika matawi, na matawi hayakuwapo. Kwa wanafunzi wanaotafuta mada ya tasnifu, msiishie kwenye mikutano ya viongozi Tokyo. Aprili 2027 kutakuwa na chaguzi za mabaraza ya mikoa. Katika zile za 2023 LDP ilichukua zaidi kidogo ya nusu ya viti, na takribani robo ya viti vyote ilipata wenyewe bila kupingwa. Anzeni na orodha ya majimbo yaliyokosa ushindani, mwone ni mangapi yatapata mgombea wa pili.