Mwalimu au Msaidizi? Vyuo Vikuu vya Ulaya na Wajuzi wa Lugha Zetu

Mwaka 1909 mmisionari Msabato, Ernst Kotz, alichapisha mjini Berlin sarufi ya Chasu, lugha ya Milima ya Pare. Lugha ilisafiri, wenyewe walibaki milimani.

Berlin ilikuwa imekwisha kumwita msomi wa Kiafrika. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alifundisha Kiswahili huko tangu 1900. Kitabu cha desturi za Waswahili cha 1903, ambacho sehemu kubwa aliiandika yeye, kilitoka kwa jina la Carl Velten. Darasani alidharauliwa na wanafunzi kwa rangi yake. Mwaka 1905 akaacha kazi. Miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha Bayreuth kilimpa Said Ahmed Mohamed, mzaliwa wa Pemba, uprofesa kamili. Tofauti ndiyo hiyo.

Leo, chuo cha Ulaya kikimtaka mtafiti kutoka Same, kisitangulize mshahara (nami siudharau). Mkataba wa mwaka mmoja huliwa nusu na kuhangaikia viza na nyumba. Kimpe miaka mitano, jina lake likae jaladani, na kila mwaka apate miezi ya kurudi milimani, waliko wazee anaowahitaji.