Malaria Hailetwi na Mvua

Msikilizaji, masika yakiingia bado tunasikia watu wakisema malaria inatokana na kunyeshewa au kula maembe mabichi. Sivyo. Mwaka 1897, daktari Ronald Ross aliona vimelea vya malaria katika tumbo la mbu huko Secunderabad, India. Mwaka uliofuata wataalamu wa Italia wakathibitisha kuwa anayemwambukiza binadamu ni mbu jike wa anofelesi.

Mbu huyu hazaliwi na malaria. Hunyonya vimelea kutoka kwa mtu aliyeambukizwa. Vikishakomaa mwilini mwake, kwa kawaida baada ya siku 10 hivi au zaidi, humwambukiza mwingine anayemuuma. Kwa hiyo mgonjwa anayetibiwa mapema na kulala ndani ya chandarua anamkinga na jirani yake.

Mbu huyu huzaliana majini. Chungulia dimbwi dogo la mvua, hata lile lililobaki kwenye alama ya kwato za ng'ombe. Kiluwiluwi cha anofelesi hulala sambamba na uso wa maji. Cha kuleksi, mbu wa aina nyingine, huning'inia kichwa chini. Maji yenyewe mara nyingi ni maangavu, ndiyo maana tunayapita bila kuyashuku.

Basi tufukie madimbwi, tuchomeke vizuri vyandarua vyenye dawa, na homa ikitushika tukapime kwanza. Ukikutwa na malaria, maliza dozi yote uliyoandikiwa. Mtoto wa chini ya miaka 5 na mama mjamzito wasisubirishwe nyumbani: kwao, kuchelewa siku moja kunaweza kugharimu maisha.